NANI ALIYEKOSA?
Neno juu ya damu tunayorithi na hatia tusiyoirithi



Mwaka uliopita tulizika mtoto wa miaka sita hapa mjini Kindu. Alikuwa wa tatu wa wazazi wale kufa akiwa mdogo. Wote watatu walikwenda kwa njia moja: mikono na miguu kuvimba tangu uchanga, macho kuwa ya manjano, damu kupunguka mwilini, kilio cha mifupa usiku wa mvua, na mwishoni homa ya siku mbili tu. Siku ya matanga mama mmoja mwenye karama ya maono alisimama akasema kwamba ameonyeshwa mkono wa mwanamke mzee wa upande wa mama. Hakutaja jina. Haikuwa lazima, kwa maana mwanamke mzee wa upande ule alikuwa mmoja tu, nyanya wa marehemu, naye alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka. Watu wote wakageuka wakamtazama.

Sisi mashemasi tulikuwapo, watu wanne. Hatukusema neno. Kesho yake asubuhi mzee yule alipanda mtumbwi, akavuka mto kurudi kwake Alunguli, na tangu siku ile hakuonekana tena katika ibada.

Miezi michache baadaye mtoto wa nne wa nyumba ile, msichana wa miaka miwili, alianza kuugua vile vile. Safari hii muuguzi aliyempokea aliomba damu ya mtoto ipimwe, na ya wazazi wote wawili pia. Majibu yalikuja kwenye karatasi moja: mtoto SS, baba AS, mama AS. Baba akaja na karatasi ile mkononi hadi nyumbani kwa mmoja wetu, akauliza: "Shemasi, hii S yangu mimi imetoka kwa nani? Maana mlikubali kwamba ni jambo la upande wa mke wangu."

Hatukuwa na jibu. Ndipo tulipoanza kuuliza na kusoma, na haya tunayoandika ndiyo tuliyoyapata. Tunawaomba mtuvumilie, kwa maana kuna mahali tutasema mambo ya shule na mahali tutasema mambo ya Maandiko. Yote mawili yanatafuta jibu la swali moja.

1. SWALI LA ZAMANI

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Hawakuuliza jinsi ya kumsaidia. Waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa majibu yote mawili waliyomwekea mbele, kisha akamfanyia yule mtu kazi ya kumponya.

Tunasoma habari hiyo kila mwaka, nasi bado tunauliza kama wanafunzi walivyouliza. Mtoto akizaliwa na kilema, akizaliwa mweupe kama albino, au akifa wa kwanza, wa pili na wa tatu, tunatafuta mwenye kosa. Na kwa kawaida mwenye kosa anapatikana: ni mwanamke, ni mjane, ni mzee asiye na mtu wa kumtetea.

Basi tuulize vizuri. Kinachopita toka kwa wazazi kwenda kwa mtoto ni kitu gani? Na pamoja na kitu hicho, je, hatia nayo inapita?

2. MAANDISHI NDANI YA MWILI

Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo huitwa seli. Ndani ya karibu kila seli mna uzi mwembamba uitwao ADN, ambao ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huuita DNA. Uzi huo ni kama maandishi marefu. Maandishi yetu ya Kiswahili yana herufi nyingi, lakini haya yana nne tu, ambazo wataalamu huziita A, T, G na C. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza umbo lake kuwa ni kama ngazi iliyosokotwa. Walisaidiwa na picha za miali zilizopigwa katika kazi ya mama mmoja mtaalamu, Rosalind Franklin, ambaye jina lake lilisahauliwa kwa muda mrefu.

Kutoka kwa mzazi mmoja mtu hupokea herufi zipatazo bilioni 3. Zimegawanywa katika mafungu yanayoitwa kromosomu. Kila mtu ana jozi 23 za kromosomu: katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja imetoka kwa mama. Fungu dogo la herufi lenye agizo moja, kwa mfano namna ya kutengeneza rangi ya ngozi au sehemu fulani ya damu, linaitwa jeni.

Angalieni jambo hili kwa makini. Kwa kila agizo mtoto ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hakuna mtoto wa mama peke yake, wala hakuna mtoto wa baba peke yake. Tunaposema katika ugomvi wa ndoa kwamba "mtoto huyu ni damu ya kwenu", tunasema nusu ya kweli, na nusu ya kweli inaweza kumfukuza mtu nyumbani.

3. MTAWA NA NJEGERE ZAKE

Zamani kabla watu hawajajua ADN, mtu mmoja wa kanisa aliona jinsi urithi unavyokwenda. Jina lake ni Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, katika nchi ambayo leo inaitwa Cheki. Tangu mwaka 1856 alipanda njegere katika shamba la monasteri kwa muda wa miaka minane, akahesabu kila kitu. Alichukua njegere za mbegu laini ya mviringo, akazizalisha na njegere za mbegu yenye mikunjo. Watoto wote wakawa laini. Mikunjo ilionekana kama imekufa. Lakini alipopanda mbegu za hao watoto, mikunjo ilirudi katika wajukuu: alihesabu mbegu 5,474 laini na 1,850 zenye mikunjo. Yaani katika kila mbegu nne, karibu moja ilikuwa na mikunjo.

Mendel akaelewa kwamba mikunjo haikuwa imekufa. Ilikuwa imejificha. Alichapisha kazi yake mwaka 1866, lakini wataalamu hawakuielewa hadi mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa tangu 1884.

Sisi watu wa Maniema tunalima mpunga, na mkulima anajua kwamba shamba la mwaka huu lilianzia katika mbegu iliyowekwa ghalani mwaka jana. Lakini mkulima anaona ganda la nje tu. Hata kwa watu ni hivyo. Baba mweusi na mama mweusi wanaweza kuzaa mtoto albino, kwa sababu kila mmoja alibeba nakala moja iliyojificha, naye alikuwa mzima kabisa. Mama mwenye damu ya kundi A na baba mwenye damu ya kundi B wanaweza kuzaa mtoto wa kundi O, kwa sababu O ilijificha kwa wote wawili. Ni ndoa ngapi zimevunjika, ni mama wangapi wameitwa wazinzi, kwa sababu tu ya kitu kilichojificha na kurudi!

4. HERUFI MOJA

Sasa turudi kwenye karatasi ya yule baba. Ugonjwa wa SS huitwa kwa Kifaransa drepanositosi, na huko Tanzania huitwa selimundu. Katika kromosomu ya 11 kuna agizo la kutengeneza hemoglobini, ambayo ni kitu chekundu ndani ya damu kinachobeba hewa kutoka mapafuni. Katika agizo hilo herufi moja tu imebadilika: mahali pa A imeandikwa T.

Mtu atauliza, herufi moja katika bilioni inawezaje kuua? Andika "baba anataka kupa". Badili herufi moja, imekuwa "baba anataka kufa". Herufi moja inatosha.

Kwa sababu ya herufi hiyo hemoglobini hushikamana wakati hewa inapopungua, na chembe nyekundu ya damu, ambayo yapasa kuwa laini ya mviringo, inapinda kama mundu. Chembe iliyopinda inakwama katika mishipa midogo, na nyama au mfupa ulioko mbele unakosa hewa. Ndiyo sababu ya maumivu yale makali. Tena chembe nzuri huishi siku 120 hivi, lakini ile iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo damu inapunguka na macho yanakuwa ya manjano. Wengu nalo linaharibika mapema, na mtoto anakosa askari wa kumlinda, hata homa ndogo inaweza kumchukua kwa siku mbili.

Wapendwa, soma tena dalili tulizotaja mwanzoni mwa maandishi haya. Zote zimo.

5. HESABU YA NYUMBA

Mwenye nakala mbili nzuri huitwa AA. Mwenye nakala moja nzuri na moja iliyobadilika huitwa AS: huyo kwa kawaida si mgonjwa, analima, anazaa, anazeeka. Mwenye nakala mbili zilizobadilika ni SS, naye ndiye mgonjwa. Msichanganye jambo hili na makundi ya damu A, B na O. Ni mambo mawili tofauti.

Chukua vifuko viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Ndani ya kila kifuko tia punje moja ya mchele na punje moja ya hindi. Mchele ni A, hindi ni S. Funga macho, toa punje moja kwa kila kifuko. Mara moja katika nne utapata mchele na mchele: mtoto AA. Mara mbili katika nne utapata mchele na hindi: mtoto AS. Mara moja katika nne utapata hindi na hindi: mtoto SS. Halafu rudisha punje ndani na uanze upya, kwa maana kila mimba ni kura mpya. Si kwamba akizaliwa SS mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Nyumba moja inaweza kupata watoto wanne wazima, na nyumba nyingine, yenye wazazi wa namna ile ile, ikazika watatu.

Sasa jibu la yule baba ni wazi. Ili mtoto awe SS inahitajika S mbili: moja ya mama na moja ya baba. Mtoto hawezi kuupata ugonjwa huu kwa upande wa mama peke yake. S ya baba ilitoka kwa baba yake au kwa mama yake, nao waliipokea kwa wazazi wao, hivyo hivyo mpaka kwa mababu tusiowajua majina. Kama ilikuwa haki kumtazama nyanya wa upande wa mama kwa macho yale, basi ilipasa tugeuke pia tuwatazame babu na nyanya wa upande wa baba, waliokuwa wameketi kwenye viti vya mbele. Hatukugeuka.

Wala jambo hili si la nyumba moja. Mwaka 2009 ulitolewa utafiti juu ya watoto wachanga 31,204 wa Kinshasa. Kati yao 5,276 walikuwa na S moja, na 428 walikuwa SS. Maana yake katika kila watoto sita, karibu mmoja anabeba S, na katika kila watoto elfu moja, kama 14 ni wagonjwa. Hesabu ile ni ya Kinshasa, lakini tukiichukua kama kipimo, benchi la watu sita katika ibada ya Jumapili lina mmoja anayebeba S bila kujua. Yule anayenyosha kidole, huenda S imo ndani ya kidole kile.

6. KWA NINI HERUFI HII IKO KWETU?

Wengine watasema: kama si mtu aliyetuloga, basi ni laana juu ya Waafrika. Sikilizeni jambo lililotushangaza sisi wenyewe.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu ya watu wa makabila mengi ya nchi ile. Akaona kwamba pwani na kando ya ziwa Victoria watu wenye S walikuwa wengi, zaidi ya 20 katika mia, lakini milimani, penye baridi, walikuwa wachache sana. Akajiuliza ni kitu gani kilichoko pwani na ziwani kisichokuwa mlimani. Ni mbu wa malaria. Mwaka 1954 alichapisha jibu lake: mtoto mwenye AS hulindwa na malaria kali. Wataalamu waliokuja baadaye walihakikisha kwamba hatari ya malaria kali kwa mtoto AS hupungua karibu mara kumi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Katika nchi za mito na mabwawa kama hii yetu ya Lualaba, kwa maelfu ya miaka, malaria iliua watoto wengi, na wenye S moja wakabaki, wakakua, wakazaa. Wengi wetu tuko hai leo kwa sababu babu mmoja mwenye AS hakufa na homa. Herufi ile ile iliyomlinda babu inamtesa mjukuu aliyeipata mara mbili. Ndiyo sababu imeonekana pia Arabuni, India na sehemu za Ugiriki, mahali palipokuwa na malaria. Rangi ya ngozi haihusiki. Tena si laana iliyotumwa kwa watu fulani.

Hatusemi haya ili kumfariji kwa wepesi mama aliyefiwa. Kumwambia mama kwamba mtoto wake alikufa kwa sababu malaria iliwaacha wengine hai ni maneno makavu. Tunasema tu kwamba aliyekuja kutafuta mchawi katika habari hii hatampata.

7. JE, KIZAZI CHA TATU NA CHA NNE?

Mzee mmoja wa kanisa alitujibu, na jibu lake si la kudharau. Alisema: "Ninyi mmesoma vitabu vya shule, lakini Kutoka sura ya 20 inasema Mungu hupatiliza uovu wa baba juu ya wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Basi urithi wa hatia upo."

Tumelifikiri jambo hili kwa muda. Ni kweli kwamba matendo ya baba huwafikia watoto. Baba mlevi anauza shamba, watoto wanalala njaa. Njaa hiyo ni matokeo ya kosa la baba. Lakini je, watoto wana kosa? Nabii Ezekieli, sura ya 18, alikutana na watu waliokuwa na methali juu ya baba waliokula matunda machungu na watoto wakapata ukakasi kinywani. Mungu aliwakataza kuitumia tena methali ile. Kila nafsi itajibu kwa matendo yake yenyewe. Kwa hiyo tunaona tofauti mbili. Matokeo yanaweza kurithiwa. Hatia hairithiwi.

Na katika habari ya SS hata uovu wa kuanzia haupo. Yule babu wa kale hakuiba, hakuua, hakuzini ili herufi ile ibadilike. ADN inapoandikwa upya kwa ajili ya mtoto, mara kwa mara herufi hukosewa, kama shemasi anayenakili barua ndefu kwa taa ya koroboi. Hakuna aliyechagua. Na mahali ambapo hakuna aliyechagua, hakuna wa kuhukumiwa.

Tena watu husema "huyu ni damu ya walozi" au "mwizi huzaa mwizi". Wataalamu wamesoma maandishi ya mwili wa mtu, kazi kubwa iliyotangazwa kuwa imekamilika mwaka 2003. Wameona humo mambo ya hemoglobini, ya rangi ya ngozi, ya urefu wa mwili. Hawakuona humo agizo la wizi wala la uchawi. Dhambi haiandikwi humo. Dhambi huandikwa na mtu mwenyewe kwa matendo yake, na msamaha pia huandikwa hapo.

8. KUJUA KUNADAI

Hapa lakini tunataka kuwaonya wale wanaofurahi upesi. Mtu asiseme: "Vema, hakuna mwenye kosa, basi hakuna la kufanya." Asiyejua hana hatia. Aliyekwisha kujua ana deni. Yule baba hakukosa kuwa na S. Lakini tangu alipoishika karatasi ile, akimnyima mtoto wake matibabu, kosa hilo litakuwa lake mwenyewe, si la babu.

Deni la kwanza ni la wazazi wa mtoto SS. Mtoto huyo anaweza kuishi. Anahitaji chanjo, dawa ya penisilini katika miaka yake ya kwanza kama daktari anavyoagiza, chandarua kila usiku, maji ya kunywa mengi, kukingwa na baridi, na kupelekwa hospitali siku ile ile homa inapoanza. Tukumbuke kwamba S mbili hazimlindi na malaria kama S moja: malaria ni adui wake mkubwa. Iko pia dawa inayoitwa hidroksiuria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Kongo yetu, Angola, Uganda na Kenya juu ya watoto mia sita hivi, ulionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache na vifo vilipungua. Dawa hiyo hutolewa na daktari, anayepima damu mara kwa mara. Isinunuliwe kiholela sokoni.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu matibabu ya kurekebisha ADN yenyewe kwa wagonjwa wa SS. Huko Marekani bei yake kwa mtu mmoja inapita dola milioni mbili. Tunaitaja ili mjue jambo hili liko duniani, pia ili tuone aibu kwamba ugonjwa ulioenea hivi katika nchi zetu unaponywa kwanza mahali pengine.

Deni la pili ni la vijana wanaotaka kuoana. Nendeni mpimwe kabla ya mahari. Kipimo kinachoitwa Emmel kinaonyesha tu kwamba S ipo, hakitofautishi AS na SS. Kipimo cha elektroforezi ya hemoglobini ndicho kinachotofautisha. Na wakikutwa wote wawili AS, je, kanisa liwakataze kuoana? Hapa sisi mashemasi wenyewe hatukuwa na sauti moja. Wengine walitaka kanuni ya kukataza. Tulio wengi tuliona kwamba kanisa halina ruhusa ya kutenganisha wapendanao kwa sababu ya kitu ambacho si dhambi. Lakini kanisa halina ruhusa pia ya kuwaacha waingie gizani. Waambiwe hesabu ya punje nne, waelewe, waombe, waamue wao wawili. Wakiamua kuachana, wasisemwe. Wakiamua kuoana, wasisemwe. Kinachokatazwa ni kumficha mwenzako unachokijua.

Na majibu ya damu ya mtu ni siri yake. Yasitangazwe madhabahuni, wala yasichukuliwe sokoni. Tumesikia habari ya msichana aliyerudishwa kwao kwa sababu ni AS, wakati mchumba wake hakuwa amepimwa hata siku moja. Huo ndio uovu tunaoupinga, umevaa nguo mpya.

Deni la tatu ni la sisi waombaji. Tunaombea wagonjwa na tutaendelea kuwaombea, kwa maana tumeona mema ya Bwana. Lakini mtu akimwambia mzazi aache dawa ili imani yake ionekane, amejiongezea neno ambalo halikutumwa. Na maono yajaribiwe. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, na papo hapo akawataka wajaribu mambo yote. Ono linalomtaja mtu kuwa muuaji lisipite bila kujaribiwa, hata likisemwa na mtu tunayempenda. Sisi siku ile hatukujaribu kitu. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulihesabiwa kuwa ndiyo.

9. TULIYOYAFANYA

Tulipokwisha kuelewa, tulikwenda kwanza kwa yule mama mwenye maono. Tulimsomea karatasi ya majibu, tukamwonyesha vile vifuko viwili. Alilia. Alisema kwamba aliona mwanamke mzee katika huzuni, na kwamba neno la "mkono" aliliongeza yeye kwa sababu watu walikuwa wanangoja jina. Hatukumtoa katika kundi la waombaji. Yeye alikosa kwa kusema, nasi tulikosa kwa kunyamaza.

Halafu mashemasi wanne na mama yule tulivuka mto kwenda Alunguli. Nyanya alitupokea vizuri, akatupa maji ya kunywa. Tulimweleza yote, tukamwomba msamaha. Akasema ametusamehe. Kisha akauliza kama watu waliokuwapo matangani nao wamekwisha kuambiwa. Tukasema bado. Akasema: "Basi mniambie mimi mara ya pili, mbele yao."

Jumapili iliyofuata ilisemwa mbele ya kusanyiko lote. Nyanya alikuwapo, ameketi karibu na mjukuu wake, ambaye sasa anatumia dawa na anatembea. Na kwa sababu wako ndugu wa parokia nyingine waliosikia lile neno la kwanza na hawakusikia hili la pili, tumeliandika hapa.

Tunawaomba, ndugu wapendwa: penye mtoto anayelia usiku kwa ajili ya mifupa, msianze kutafuta mtu. Mpelekeni akapimwe damu, ninyi wazazi mpimwe pamoja naye, kisha mje tuombe.

Amani ya Bwana ikae nanyi. Amina.

Shemasi, Kindu